Dagaa Anazaa Mwaka Mzima, Sasa Mnafunga Ziwa la Nini?

Tangu Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi upande wetu wa Tanzania kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, sijashuka mwaloni Kibirizi, Kigoma, bila kupewa somo la bure na wavuvi. "Mtaalamu, dagaa anazaa mwaka mzima. Mnafunga la nini?" Mwanzoni nilikuwa najibu kwa upole. Siku hizi upole umepungua.

Nusu yake ni kweli. Dagaa wa Ziwa Tanganyika hana msimu mmoja wa kuzaa; pasua matumbo mwezi wowote, hukosi wenye mayai. Lakini hilo halimpi mvuvi ruhusa ya kutopumzika. Dagaa anaishi kama mwaka mmoja tu. Mgebuka, samaki mkubwa kuliko dagaa, aliyekomaa akikosa kuzaa leo, huenda akazaa mwakani. Dagaa hana mwakani. Akinaswa kabla ya kufika sentimita 7 hivi, amekwenda na uzao wake wote, na hakuna wazee waliobaki kilindini wa kuziba pengo.

Kwa hiyo hatufungi ziwa ili dagaa aanze kuzaa. Anazaa tayari, asante. Tunafunga ili walioanguliwa wakue. Mayai hutagwa katikati ya ziwa, wadogo wakasogea karibu na ufuko, kisha wakipata mwili wanarudi maji makuu. Sasa hesabu vikwazo vya safari hiyo: ufukweni wanakutana na kokoro, wavu wa kukokotwa hadi nchi kavu; wakirudi wanakutana na taa za wavuvi wa usiku. Miezi mitatu bila vyote viwili, kwa samaki wa umri wa mwaka mmoja, ni robo ya maisha. Nani kati yetu angeidharau robo ya maisha yake?

Siku moja nilichota konzi ya dagaa wabichi kwenye karai la mzee mmoja, nikawapanga juu ya ubao wa mtumbwi kando ya rula. Alicheka hadi samaki wa sita. Tulipofika wa ishirini hakuna aliyegusa sentimita 5. "Hawa ni aina ndogo," akasema.

Hakuna aina ndogo. Kuna dagaa, kuna lumbu ambaye ni ndugu yake, na wote wawili wakiwa watoto ni wadogo. Mbaya zaidi, kwenye karai lile kulikuwa na watoto wa mgebuka watatu, wembamba kama njiti, ambao wangehitaji muda mrefu kuliko dagaa kabla ya kuzaa. Wangeuzwa kwa bei ya dagaa.

Wavuvi wana na hoja nyingine. "Sisi tunapumzika kila mwezi, mbalamwezi ikiwaka." Kweli, taa haivuti samaki mwezi ukiwa mpevu. Lakini hizo ni siku chache, na aliyeanguliwa mwezi mpevu anakutana na taa zenu giza likirudi, angali mtoto. Kokoro nalo halijawahi kuangalia mwezi.

"Tukifunga sisi, wanahamia Kongo." Uhamaji mkubwa wa dagaa kila siku ni wa kushuka na kupanda: mchana kilindini, usiku juu, akifuata chakula. Ziwa ni moja na samaki ni wale wale, sikatai, na ndiyo maana Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zilikubaliana kufunga kwa pamoja. Mwenye jirani anayevua kwa wizi alalamikie wizi, asilalamikie kufunga.

"Taa za sola zinaua samaki." Haziui. Zinawakusanya, wavu ndio unaoua.

Ushauri wangu mmoja, ambao wenzangu ofisini wamechoka kuusikia: chora alama ya sentimita 7 kwenye kafi. Mkivuta wavu wa kwanza, pima kumi. Wakiwa watoto watupu, zimeni taa, hameni. Yule mzee nilimchorea mwenyewe. Nilipopita tena alama haikuwepo, naye akaapa imefutwa na maji. Niliichora kwa msumari.