MQTT ina herufi "MQ", lakini foleni ina masharti

MQTT ni itifaki, yaani kanuni ambazo vifaa hutumia kutumiana ujumbe. Kila dhana hapa chini ni potofu.

Dhana: Kila ujumbe unatunzwa mpaka mpokeaji atakapouchukua.

Herufi MQ (message queue, foleni ya ujumbe) zilirithiwa kutoka kwenye bidhaa za IBM za jina hilo. Itifaki yenyewe ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM pamoja na Arlen Nipper, ili kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti. Kazi yake ni kusambaza. Kifaa kinatuma ujumbe kwenye mada, tuseme `tangi1/kina`, na broka, yaani seva ya kati, anaugawa kwa waliojiandikisha kwenye mada hiyo. Kama hayupo hata mmoja, ujumbe umepotea. Broka ni dalali kwelikweli: hana ghala.

Foleni unaipata kwa masharti, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Kwa toleo 3.1.1, mpokeaji awe na kitambulisho kisichobadilika, aunganike na `clean session` ikiwa `false` (yaani broka asimsahau akikatika), na awe amejiandikisha kwa QoS (kiwango cha uhakika wa kufikisha ujumbe, 0 hadi 2) 1 au 2 kabla hajakatika. Mtumaji naye atume kwa QoS 1 au 2. Sharti moja likikosekana, Mosquitto, programu maarufu ya broka, katika mipangilio yake ya kawaida haiweki kitu. Hata yakitimia yote, Mosquitto 2.0 huweka ujumbe 1000 tu kwa kila mpokeaji, na unaozidi unatupwa. Kihisi kinachotuma kila sekunde 10 kinajaza nafasi hiyo kabla ya saa 3 kuisha. Ongeza `max_queued_messages` ukipenda, na uweke `persistence true`, la sivyo seva ikizimika foleni inazimika nayo.

Dhana: `retain`, alama ya kumwambia broka atunze ujumbe, inahifadhi historia.

Inahifadhi ujumbe mmoja kwa kila mada, ule wa mwisho. Ukitaka vipimo vya jana, andika kwenye hifadhidata.

Dhana: QoS 2 kila mahali ndiyo salama zaidi.

QoS 1 inahitaji pakiti mbili kwa ujumbe mmoja, QoS 2 inahitaji nne. Tena QoS inahesabiwa kila upande peke yake: ukituma kwa 2 na mpokeaji amejiandikisha kwa 0, anapata kwa 0. Maktaba ya PubSubClient, inayopendwa sana na watu wa Arduino na ESP32, hutuma kwa QoS 0 pekee.

Mara nyingi QoS 1 inatosha, mradi ukubali kwamba ujumbe unaweza kufika mara mbili. Chukua pampu inayosikiliza amri `GEUZA`. Amri inafika, pampu inawaka. Uthibitisho unapotelea njiani, amri inatumwa tena, pampu inazima. Mtandao haujakosea, amri ndiyo mbovu. Tuma `WASHA` au `ZIMA`, irudiwe hata mara kumi, matokeo ni yaleyale.

Dhana: Kifaa kikikatika, broka anajua papo hapo.

Umeme ukikatika ghafla, hakuna kwaheri. Broka anasubiri mara 1.5 ya muda wa `keep alive`, yaani muda ambao kifaa kiliahidi kutokaa kimya zaidi yake: ukiweka sekunde 60, ni sekunde 90. Ndipo anapotangaza wosia ambao kifaa kiliuacha wakati wa kuunganika, kwa mfano `tangi1/hali` ikisema `nje`. Utume huo kwa `retain`, na kifaa kikirudi kitume `hewani` kwenye mada hiyohiyo.

Dhana: Kuunganika na kukatika kila sekunde chache ni Wi-Fi mbovu.

Angalia kwanza kama vifaa viwili vina kitambulisho kimoja. Broka hamfukuzi mgeni, anamtoa wa zamani. Naye anarudi, anamtoa mwenzake, hivyo hivyo bila kukoma. Hutokea sana programu ileile inaponakiliwa kwenye bodi kumi. Unda kitambulisho kutokana na anwani ya MAC, namba ya kipekee ya kila bodi kwenye mtandao.

Dhana: Nywila inatosha.

Kwenye mlango (port) 1883 nywila inapita wazi bila kufichwa. Tumia TLS, inayosimba mawasiliano, kawaida mlango 8883. Mosquitto 2.0 isipowekewa `listener` (mlango wa kusikilizia) husikiliza mashine yake tu, na watu wakiona vifaa vimegoma hukimbilia `allow_anonymous true`, inayomruhusu yeyote bila nywila. Andika `listener 8883` na njia za vyeti, tengeneza watumiaji kwa `mosquitto_passwd`, kisha onyesha faili hilo kwenye `password_file`.