Begi lako haliijui tiketi yako ya pili

"Dada, haya mashirika si ndugu? Si yako muungano mmoja? Basi begi lazima lifike moja kwa moja."

Wiki hii nimeambiwa hivyo mara tatu hapa kaunta ya uwanja wa ndege ninapopokelea mizigo, na watu watatu wasiojuana. Kila mmoja alikuwa na tiketi mbili za ndege alizonunua mbalimbali kwa sababu hivyo zilikuwa nafuu. Kununua tiketi mbili hakuna ubaya, hata mimi husafiri hivyo nikitumia fedha yangu. Kinachonichosha ni hilo neno "lazima", kwa kuwa anayeliamini huwa hajapanga chochote cha kufanya likimgeuka.

Nianze na huo undugu. Star Alliance, oneworld na SkyTeam ni miungano ya biashara: pointi, vyumba vya kupumzikia, foleni za haraka. Kinachosafirisha begi kutoka shirika moja hadi jingine ni intalaini, yaani mkataba wa mashirika mawili kupokeleana tiketi na mizigo. Emirates haimo katika muungano wowote kati ya hiyo mitatu, na ina intalaini na mashirika mengi. Ryanair inauza safari za kutoka hapa hadi pale, haipokei begi kutoka shirika jingine wala hailikabidhi begi kwa shirika jingine. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama mashirika hayo mawili yana intalaini, hata kama nembo zao hazifanani kwa lolote.

Kosa la pili limo ndani ya hilo la kwanza. Intalaini inaruhusu, hailazimishi. Tiketi ikiwa moja, begi kufika mwisho ni sehemu ya ulichonunua. Tiketi zikiwa mbili, kila shirika lina kanuni yake, na hubadilika bila wewe kutangaziwa. Wenye kumbukumbu nzuri hunitajia oneworld, na ni kweli kwamba zamani wanachama wake walitakiwa kulifunga begi hadi mwisho, yaani kulifungia lebo ya uwanja wa mwisho wa safari, hata kwa tiketi mbili, mradi ndege zote ziwe za oneworld. Sharti hilo liliondolewa katikati ya mwaka 2016, kila shirika likaachiwa uamuzi. Mwaka huohuo British Airways ilianza kukataa hata pale tiketi zote mbili zilipokuwa zake yenyewe. Rudia kuisoma sentensi hiyo kama bado unaamini undugu.

Sasa niende kwenye lebo, maana hapa ndipo watu wengi hawaelewi kabisa na hakuna anayewaeleza. Abiria huamini kwamba ile michirizi ya msimbo pau imebeba safari yake yote. Haikubeba. Mashine ikiisoma inapata namba yenye tarakimu 10 tu: moja ya aina ya lebo, tatu za shirika lililoitoa (071 ni Ethiopian Airlines, 220 ni Lufthansa), na sita za mfululizo. Hakuna jina lako humo wala mji unakokwenda. Ni kama namba ya gari, inayokwambia ni gari gani bila kukwambia linaelekea wapi.

Linakoelekea begi linajulikana kwa ujumbe unaorushwa na mfumo wetu wakati nakufungia lebo. Ujumbe huo unasema: namba hii, abiria huyu, ndege hii, kisha ndege ile. Tiketi ikiwa moja, mfumo unaiona ndege ya pili na kuijaza wenyewe. Tiketi zikiwa mbili, skrini yangu inaishia pale tiketi yangu inapoishia. Kwa mfumo, wewe safari yako imekwisha kwenye uwanja wa katikati. Ndege ya pili sina budi kuiingiza kwa mkono: shirika, namba ya ndege, tarehe, namba ya bukingi. Nikikosea tarakimu moja, herufi tatu za uwanja wa mwisho zitachapwa sawasawa kwenye lebo, nawe utaondoka umeridhika, kumbe uwanja wa katikati umepokea ujumbe wa ndege isiyokuwapo. Mtambo ukisoma namba na usipate jibu, hulitupa begi pembeni lingoje mtu aje alisome kwa macho. Wakati mwingine anawahi. Wakati mwingine ndege imekwisha kuruka.

Hata ujumbe ukienda sawa, shirika la pili linatakiwa likutambue kama abiria aliyekwisha kuchekini na mwenye begi njiani. Begi lisilo na abiria halipakiwi. Hili abiria huliona kama ukaidi wa wafanyakazi, kwa hiyo naomba unisikilize vizuri.

Tarehe 22 Juni 1985, Vancouver, abiria mmoja alitaka begi lake lifungwe hadi Delhi. Nafasi yake ya uhakika ilikuwa ya kufika Toronto tu, kule mbele alikuwa kwenye orodha ya kusubiri. Mhudumu alikataa. Abiria akashikilia, foleni nyuma yake ikazidi kurefuka, mwishowe mhudumu akakubali. Begi likaondoka, mwenyewe hakupanda. Kesho yake ndege ya Air India 182, iliyolibeba begi hilo, ililipuka angani karibu na Ireland, wakafa watu 329. Suala halikuwa tiketi mbili, lakini lilikuwa begi lililofungwa kwenda mbele bila uhakika wa safari ya mwenyewe. Kila ninapoambiwa "wewe bonyeza tu, dada, mbona jambo dogo", huyo mhudumu hunijia akilini. Siwezi kumlaumu, alikuwa na foleni kama niliyo nayo mimi.

Kuna na sababu isiyo ya huzuni: uzito. Katika tiketi moja kuna kanuni ya kuamua ni shirika gani mgawo wake wa mizigo unafuatwa safari nzima. Katika tiketi mbili kila tiketi ina mgawo wake. Unaniletea mabegi mawili ya kilo 23, kwangu ni halali, lakini tiketi yako ya pili ina begi moja tu. Nani atakutoza hilo la ziada? Mimi mara nyingi sina njia ya kulitoza kwa niaba ya shirika lingine, na nikilifunga hivyohivyo nawasukumia wenzangu mzigo ambao haujalipiwa. Wengi wanaokataliwa hukataliwa kwa hili, ila mhudumu hueleza kwa kifupi mno: "haiwezekani".

Lililo baya kuliko yote halihusu begi, linahusu viza. Lebo ikiishia katikati, begi litatokea kwenye mkanda ulio ng'ambo ya uhamiaji. Ulipanga kubaki tranziti, huna ruhusa ya kuingia nchi hiyo, na begi lako linazunguka pale huwezi kulifikia. Nimewahi kuwa kwenye dawati la wanaounganisha ndege, nikakaa saa nzima na mama mmoja tukipiga simu huku na huku. Begi lilipatikana, ndege yake haikumngoja. Tena kuna mashirika yatakayokataa kukupandisha tangu mwanzo, kwa kuwa kwao unakwenda nchi ya katikati, na nchi hiyo inataka viza.

Marekani ni habari nyingine. Ukiingia huko kutoka nje, kwa kawaida unalichukua begi kwenye uwanja wa kwanza, unapita nalo forodha, unalikabidhi tena, hata tiketi ikiwa moja. Wanaotoka viwanja kama Dublin na Abu Dhabi, ambako ukaguzi wa Marekani hufanyika kabla ya kupanda, ndio hawalipitii hilo.

Tuseme nimekufungia hadi mwisho na begi halikufika. Desturi ni kwamba shirika la mwisho ndilo linalofungua faili na kulitafuta. Fidia ndipo penye utata, na sitajifanya nina jibu moja. Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa kuhusu wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria na mizigo, unahesabu safari ya mashirika yanayofuatana kuwa safari moja ikiwa wahusika waliichukulia hivyo, hata kama mikataba ni zaidi ya mmoja. Je, lebo moja juu ya tiketi mbili inatosha kuonyesha kwamba waliichukulia hivyo? Abiria atasema ndiyo, shirika la pili litasema hapana, na nimeona barua za majibu zikienda pande zote mbili. Yasiyo na utata ni haya: kikomo cha fidia ya mizigo ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa) kwa abiria tangu tarehe 28 Desemba 2024, malalamiko ya begi lililoharibika ni ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea, na ya lililochelewa ni siku 21. Yaandike. Maneno ya kaunta hayahesabiki.

Na kwa ndege ya pili uliyoikosa kwa sababu ya kungoja begi, kwa kawaida hakuna wa kukuomba radhi. Muda wa chini wa kuunganisha ndege unaouona umechapwa ni wa tiketi moja. Kwa tiketi mbili zenye kutoa begi na kulikabidhi upya, mimi sipangi chini ya saa nne, na begi la mkononi linanitosha mara nyingi.

Ukija kaunta, njoo na tiketi ya pili imechapwa au iko wazi kwenye simu, uwe umekwisha kuchekini ndege hiyo kama mfumo wao unaruhusu, na uombe kabla sijachapa lebo. Kisha usiondoke na kile kipande cha lebo ukakitia mfukoni bila kukisoma. Tazama herufi tatu za uwanja wa mwisho, halafu ndege zilizoorodheshwa. Ukiona uwanja wa mwisho lakini namba ya ndege ya pili haipo au siyo yako, nirudishie palepale, begi likiwa bado liko kwenye mizani.