Je, wajua? Kwa nini kauri yenye nyuzi hujaa nyufa bila kukatika?

Maji baridi yakimwagikia udongo wa sigiri iliyowaka tangu asubuhi, utasikia "ta!" na ufa umeshavuka ukingo hadi ukingo. Uso umepoa na kusinyaa huku ndani bado kunachemka, kwa hiyo uso umevutwa. Udongo uliochomwa, yaani kauri, hubeba masufuria mazito bila taabu, lakini kuvutwa hauwezi.

Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alieleza sababu kwa kutumia kioo. Kioo kina vijiufa visivyoonekana kwa macho, na kikivutwa, nguvu hurundikana kwenye ncha ya ufa. Chuma kingenyumbuka hapo. Kioo hakinyumbuki, basi ufa hutimka.

Mafundi wetu wa vijijini wana dawa ya zamani: huchanganya majani makavu kwenye tope la kukandikia nyumba. Ukuta hupata nyufa, lakini majani huushikilia. Ndivyo zinavyotengenezwa pia kauri za injini za ndege, ila nyuzi zake ni za silikoni kabaidi (muungano mgumu wa silikoni na kaboni), nyembamba kuliko unywele.

Kipande cha kauri hiyo kikivutwa, kauri ndiyo hupasuka kwanza. Nyuzi zilizobaki nzima hushika pande zote mbili za ufa na kuubeba mzigo. Kauri hupasuka tena pengine, na pengine, mpaka nyufa ndogondogo zimejipanga kipande kizima, nacho bado hakijakatika.

Linalonishangaza zaidi ni hili: uzi hautakiwi kugandamana sana na kauri. Ukigandamana, ufa huukata uzi na kuendelea na safari yake. Ndiyo maana nyuzi hupakwa utando mwembamba mno wa kaboni au boroni nitridi. Ufa ukifika kwenye utando huo dhaifu, hugeuka na kufuata ubavu wa uzi. Uzi nao huteleza ukijisugua ndani ya ala yake, na msuguano huo humeza nishati ambayo ingeupeleka ufa mbele. Mwishowe nyuzi hukatika, kila mmoja pale palipo na udhaifu wake. Tazama mahali palipokatika: si laini kama kigae cha kioo, pamechomoza nyuzi kama ufagio.

Adui mkubwa ni oksijeni. Kwenye joto kali hupenya nyufani, ikaunguza utando wa kaboni, na nafasi yake hujazwa na kioo kinachougandisha uzi kwenye kauri. Hapo kipande hurudi kukatika kwa ghafla kama ile sigiri.