Masafa Yasiyohitaji Leseni na Bei ya Intaneti Mtaani

Kampuni za simu hulipia kwa fedha nyingi leseni za masafa, yaani mawimbi ya redio yanayobeba mawasiliano, na mzigo huo hatimaye humwangukia anayenunua bando. Yapo hata hivyo masafa ambayo yeyote anaweza kuyatumia bila leseni, mradi kifaa chake kimeidhinishwa na hakizidi nguvu iliyowekwa. Yanayojulikana zaidi ni ya gigahezi 2.4, ambayo wataalamu wa zamani waliyaona kama jalala, kwa kuwa ndiyo yanayopasha chakula katika oveni za maikrowevu. Mwaka 1985 Marekani iliyafungua kwa mawasiliano, na humo ndimo Wi-Fi ilimozaliwa.

Faida yake inaonekana Kibera, Nairobi, ambako TunapandaNET, mtandao wa jamii, yaani wa intaneti unaoendeshwa na wakazi wenyewe, umeziunganisha shule na vituo vya vijana bila waya. Antena ndogo hufungwa kwenye bomba juu ya paa, ikaelekezwa kwa mwenzake wa mbali, na intaneti inayolipiwa mahali pamoja ikagawanywa kwa wengi bila kuchimba mtaro katika vichochoro ambavyo hata mkokoteni haupiti.

Uhuru huo una adha zake. Bati hurudisha mawimbi, hivyo ruta, kifaa kinachosambaza Wi-Fi, ikifungiwa ndani ya chumba cha mabati humfikia jirani kwa shida. Katika gigahezi 2.4, chaneli, yaani vipande vya masafa hayo, zisizogongana kwa kawaida ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, na vibanda kumi vya mtaa mmoja vikitumia chaneli moja, vyote hungojeana zamu. Kwa maoni yangu, malalamiko mengi kwamba mtandao uko chini yangepungua kama fundi angepima chaneli kabla ya kufunga ruta.

Penye miti na vilima, masafa matupu ya televisheni, yaani yasiyotumiwa na kituo chochote cha eneo hilo, hufika mbali zaidi, kama mradi wa intaneti wa Mawingu ulivyojaribu karibu na Nanyuki, Kenya, mwaka 2013 kwa umeme wa jua. Lakini hayo hutumiwa baada tu ya kuhakikisha kwamba hakuna kituo kinachorushia matangazo humo.

Msamaha wa leseni ya masafa hauondoi leseni ya kutoa huduma. Kenya iliweka utaratibu maalumu wa mitandao ya jamii mwaka 2021, na kikundi kinachotaka kuanza kinapaswa kuufuata. Kabla ya kununua antena yoyote, kiulize faiba ya karibu, yaani waya wa kioo unaoleta intaneti, imeishia wapi na mwenye nayo anadai shilingi ngapi kwa mwezi, kwani fungu hilo ndilo litakaloamua bei atakayolipa mwanafunzi.