Kifungu cha tatu ya tano katika Katiba ya Marekani kilimaanisha nini?

Watu wengi wakisikia habari za tatu ya tano hudhani kwamba Katiba ya Marekani iliyoandikwa 1787 ilimtangaza Mtu Mweusi kuwa pungufu ya binadamu, mwenye thamani ya sehemu tatu kati ya tano za Mzungu. Ukweli ni mchungu zaidi. Kifungu kile hakikupima utu wa mtu yeyote. Kiligawa viti vya bunge, na waliotaka watumwa wahesabiwe kikamilifu walikuwa mabwana zao.

Ibara ya 1 ya Katiba ilisema kila jimbo litapata viti katika Baraza la Wawakilishi, na litabeba mzigo wa kodi za moja kwa moja, kwa kadiri ya idadi ya watu wake. Idadi hiyo ilipatikana kwa kuwahesabu watu huru wote, bila wenyeji wa asili wasiotozwa kodi, kisha kuongeza tatu ya tano ya "watu wengine wote". Hao wengine ni watumwa, ingawa waandishi walikwepa kuwataja. Mtu Mweusi aliyekuwa huru alihesabiwa mzima kama Mzungu.

Sehemu hiyo ya tatu ya tano haikuzuka Philadelphia, Katiba ilikoandikwa 1787. Miaka minne kabla, 1783, Bunge la Shirikisho, lililokuwepo kabla ya Katiba hii, lilikuwa linatafuta namna ya kuyatoza majimbo kodi kulingana na watu. Wakati huo wajumbe wa Kusini, kwenye watumwa wengi, walitaka watumwa wahesabiwe wachache, ili walipe kidogo, na wa Kaskazini walivutia upande wa pili. Wakakutana kwenye tatu ya tano, ingawa pendekezo lenyewe halikupita kwa kuwa lilihitaji kibali cha majimbo yote. Ilipofika 1787, kinachogombewa kikiwa viti vya bunge na si kodi tu, kila upande uligeuza msimamo. Pierce Butler wa Carolina Kusini akashikilia kwamba Weusi wahesabiwe sawasawa na Wazungu. Elbridge Gerry wa Massachusetts akauliza: ikiwa huko Kusini watu hawa ni mali, kwa nini wahesabiwe kuliko ng'ombe na farasi wa Kaskazini? Aliyesema wazi kuliko wote ni Gouverneur Morris, mjumbe wa Pennsylvania. Alisema mtu wa Georgia au Carolina Kusini anayekwenda pwani ya Afrika kuwapokonya binadamu wenzake ndugu na jamaa zao, atakuwa na kura nyingi kuliko raia wa Pennsylvania anayeuchukia unyama huo. Kifungu kikapita hata hivyo.

Hesabu ndiyo inayoonyesha kilichotokea. Sensa ya kwanza, ya 1790, iliikuta Virginia na watu 747,610, na kati yao 292,627 walikuwa watumwa. Pennsylvania ilikuwa na watu 434,373, watumwa wakiwa 3,737 tu. Ukitazama watu huru peke yao, Virginia ilikuwa na 454,983 na Pennsylvania 430,636, yaani hawakuachana mbali. Lakini tatu ya tano ya watumwa wa Virginia ni zaidi ya 175,000, na ukiwajumlisha jimbo linafika karibu 630,600. Mwaka 1792 kiwango kikawekwa: kiti kimoja kwa kila watu 33,000. Pennsylvania ikapata viti 13, Virginia 19. Bila watumwa wake, kwa kiwango hicho hicho, Virginia nayo ingeambulia 13. Viti sita vilitokana na watu wasioruhusiwa kupiga kura, ambao kwenye daftari za sensa hawakuandikwa hata majina: jina lilikuwa la mkuu wa kaya, na mtumwa alikuwa tarakimu kwenye safu ya mwisho.

Athari haikuishia bungeni. Idadi ya wajumbe wanaomchagua rais hutokana na viti vya jimbo, kwa hiyo nyongeza ile iliingia hadi ikulu. Mwaka 1800 Thomas Jefferson alipata kura 73 za wajumbe na John Adams 65. Wanahistoria waliorudia hesabu wanaona kwamba bila kifungu hiki Adams huenda angebaki madarakani. Katika miaka 48 tangu 1789 hadi 1837, marais waliomiliki watumwa walitawala 40. Waliosalia ni Adams na mwanawe tu. Na sheria ya 1830 ya kuwahamisha wenyeji wa asili ilipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 102 dhidi ya 97, pengo dogo kuliko viti vya ziada vya Kusini.

Kodi, ambayo ilipaswa kuwa fidia ya mapatano hayo, ilitozwa mara chache mno. Kusini ilichukua faida ikaukwepa mzigo.

Utumwa ulifutwa 1865, na Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya 1868, yakaagiza watu wahesabiwe wazima. Kwa hiyo majimbo ya Kusini yaliongezewa nguvu ya uwakilishi kwa ajili ya watu wale wale, na baadaye yakawanyima kura kwa miongo mingi. Marekebisho hayo hayo yalitaka jimbo linalowanyima raia wake kura lipunguziwe viti. Adhabu hiyo haikuwahi kutekelezwa.