Eti bila ubatizo mtoto hapati shule ya misheni Turkana?

Kuna ile meseji inazunguka magrupu miaka nenda rudi, eti kule Turkana mtoto hapokelewi shule ya misheni wala familia haichoti maji ya kisima cha kanisa mpaka wabatizwe kwanza. Jamani, si kweli.

Shule nyingi zinazoitwa za Katoliki Kenya ni za serikali, kanisa ni mfadhili tu, walimu wengi wanalipwa na serikali. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumbagua mtoto kwa dini anapotafuta nafasi, na Katiba ya 2010 kifungu cha 32 inasema hivyo hivyo kuhusu taasisi yoyote. Hata sheria ya kanisa lenyewe, kanuni ya 748, hairuhusu mtu kulazimishwa kuingia imani, na mtu mzima habatizwi bila kutaka mwenyewe na kufundishwa kwanza, si kitu cha kupanga foleni asubuhi ukabatizwa jioni.

Naelewa mkanganyiko unatoka wapi. Zamani za ukoloni kusoma na kubatizwa vilienda pamoja kweli, wazee wetu wengi walipata jina la ubatizo na kalamu karibu siku moja, halafu leo ukiona geti lina jina la mtakatifu na watoto wanasali asubuhi unadhani mambo ni yale yale.

Ikikufikia usiifowadi, tafadhali, kuna mzazi mfugaji ataiamini amwache binti nyumbani. Mwambie aende shuleni aulize masharti ya kujiunga, au aongee na wazazi ambao watoto wao wako pale.