Je, Wajua Kwa Nini Malkia Margrethe wa Denmark Aliitwa wa Pili?

Margrethe wa Pili aliporithi ufalme wa Denmark tarehe 14 Januari 1972, siku aliyofariki baba yake, Mfalme Frederik wa Tisa, hakukuwa na mwanamke yeyote kabla yake aliyewahi kuitawala nchi hiyo kwa cheo cha malkia. Malkia walikuwapo wengi, lakini waliitwa hivyo kwa kuwa walikuwa wake wa wafalme. Sasa huyo wa kwanza alikuwa nani?

Alikuwa Margrete, binti wa Mfalme Valdemar wa Nne, aliyezaliwa mwaka 1353. Akiwa na miaka 10 tu aliozwa kwa Mfalme Håkon wa Norway, akawekwa chini ya malezi ya Merete Ulvsdatter, binti wa Mtakatifu Birgitta wa Sweden. Asidhani mtu kwamba umalkia huo ulikuwa wa raha. Ipo barua aliyomwandikia mumewe kutoka ngome ya Akershus, Oslo, akiwa bado kijana, akimlalamikia kwamba watumishi wake wanakosa chakula na kumsihi azungumze na mfanyabiashara mmoja ili apewe vitu kwa mkopo.

Valdemar alifariki mwaka 1375 bila kuacha mwana wa kiume. Margrete aliwashawishi wakuu wa Denmark wamchague mwanawe Olaf, mtoto wa miaka 5, ingawa dada mkubwa wa Margrete naye alikuwa ameacha mtoto wa kiume mwenye madai ya kiti hicho. Håkon alipofariki mwaka 1380, Olaf akawa mfalme wa Norway pia, huku mama akiziendesha nchi zote mbili kwa jina lake. Kisha, Agosti 1387, Olaf akafa ghafla akiwa na miaka 16, na kwa kawaida ya enzi zile mamlaka ya mama mlezi yalipaswa kwisha siku hiyo hiyo.

Hayakwisha. Wiki moja baadaye, katika mkutano uliofanyika Lund, mji ambao leo uko Sweden, Margrete alichaguliwa kuwa bibi mwenye mamlaka yote, mwenye nyumba na mlezi wa ufalme wote wa Denmark. Neno la Kidenishi lililotumika kwa “mwenye nyumba” ni “husbonde”, ambalo ni jina la mwanamume aliye mkuu wa kaya. Hapo ndipo penye utamu wa habari hii: mila haikuwa na kiti cha mfalme kwa mwanamke, hivyo wakuu hao wakamkabidhi nchi nzima kama kaya moja, naye awe ndiye baba mwenye nyumba. Norway ilifuata mwaka 1388. Nchini Sweden, wakuu waliomchoka Mfalme Albrecht walimwita Margrete, na majeshi yake yakamshinda na kumteka Albrecht karibu na Falköping mwezi Februari 1389. Masimulizi ya zamani yanasema mfalme huyo alikuwa akimdhihaki kwa kumwita mfalme asiye na suruali. Kama ni kweli, alipata miaka sita kifungoni ya kuitafakari dhihaka yake.

Hata hivyo, taji la falme hizo tatu lilipokwenda Kalmar, mji wa Sweden, mwaka 1397, lilivikwa kichwa cha Erik, mjukuu wa dada yake, ambaye Margrete alikuwa amemchukua kama mwanawe. Erik alikuwa mfalme kwa jina, ila usukani ulibaki mikononi mwa bibi huyo hadi alipofariki melini katika bandari ya Flensburg mwaka 1412.

Margrethe wa siku zetu naye nusura akose kiti. Hadi mwaka 1953 sheria ilimpa urithi baba yake mdogo, Knud, kwa kuwa Frederik alikuwa na mabinti watatu tu. Ilibidi wananchi wapige kura ndipo sheria ikabadilika. Alipochagua kuhesabiwa wa pili, alimpa Margrete wa zamani nafasi ambayo Denmark haikumpa kwa cheo.

Margrete amelala katika kanisa kuu la Roskilde, nyuma ya madhabahu. Kaburi la Margrethe, aliyeng'atuka mwaka 2024, limekwisha kuandaliwa katika kanisa hilo hilo, ndani ya kikanisa kinachoitwa kwa jina la Mtakatifu Birgitta, mama wa yule aliyemlea Margrete.